Wimbi la Saa Kumi

Mwanangu,

Ni mimi niliyeweka bati kando ya antena yako. Desemba, wiki ile ya mtetemo, kuanzia Jumatatu, hatua mbili tu kutoka kwenye antena, na liliondoka pale sijui lini. Hilo la kutojua lini ndilo linalonisumbua zaidi na nitalifikia, lakini nilitaka kwanza hili la bati liwe juu kabisa ya karatasi, ili hata ukichoka kusoma hapa uwe umelipata. Sijamwambia mtu yeyote. Hata kwenye maombi nimekuwa nikilizunguka.

Una miaka arobaini na sita, mimi nina kumi na minane, na wewe ndiwe baba yangu. Lakini nikianza na "Baba" nitashindwa kuendelea, maana Baba huwa namsalimia nikiangalia viatu vyake. Nilipewa jina la mama yako, Mumbua, na tangu nianze kutembea umeniita mwaitu, mama yangu, kama Wakamba wanavyomwita binti aliyebeba jina la nyanya yake. Kila asubuhi unasimama mlangoni na mkoba wako na kusema, "Mwaitu, naomba ruhusa," na mimi najibu, "Nenda, mwanangu, usichelewe." Wageni hucheka. Kwangu si kichekesho tu. Ndani ya mchezo huo ndipo mahali pekee ambapo sijawahi kuona haya mbele yako. Nyanya hakujua kuandika, na ulipotoka Mwingi ukiwa kijana kuja Nairobi hakukupa barua yoyote. Basi leo nimeazima kiti chake.

Ni saa tisa mchana. Wewe na Mama mmeenda Parklands kuchukua majibu ya kipimo cha kifua kinachotakiwa kwa safari, na najua mtakaa foleni. Sanduku lako liko sebuleni limefunguka mdomo. Kesho jioni ndege, na Japani ni miaka miwili. Sitakuambia habari za sweta wala za chakula, hayo Mama ameyasema hadi umeanza kuitikia kabla hajamaliza. Mimi nina jambo moja tu, na lina vipande vingi ambavyo havikai vizuri pamoja.

Unakumbuka ulivyopandisha kile kipokezi cha ishara za satelaiti kwenye paa la ploti yetu hapa Uthiru. Nilikuwa kidato cha tatu, nimerudi likizo. Mwenye nyumba alikubali baada ya kuhakikishiwa kwamba hakitavuta umeme wake, na Bwana Njoroge, msimamizi wa jengo, akaamua tangu siku ile kwamba antena ni uyoga. Kila mkikutana kwenye ngazi alikuuliza uyoga wako umeshika stesheni gani leo. Ulicheka naye. Halafu ulinipandisha juu, ukanionyesha ile sahani nyeupe juu ya nguzo yake fupi, na ukanieleza kwa namna ambayo mwalimu wangu wa fizikia hajawahi kunieleza kitu.

Ulisema kila satelaiti inatuma ishara mbili kwa pamoja, na kwamba huko juu sana, juu ya hewa tunayopumua, kuna tabaka lenye elektroni zinazozichelewesha. Nilikuuliza kwa nini mbili. Ukasema nifikirie watu wawili wanaovuka tope moja, mmoja amevaa gambuti na mwingine patipati. Hawatafika pamoja. Ukipima nani amechelewa kwa kiasi gani, unajua tope lina kina gani bila kwenda kulitazama. Hicho ndicho kipokezi kinafanya mchana na usiku, kinapima tope la mbinguni. Na ardhi ikitikisika sana, ulisema, inaipiga hewa kama ngozi ya ngoma, mpigo unapanda, na baada ya dakika chache lile tope linayumba. Hilo wataalamu wanakubaliana. Wasilokubaliana ni kama tope huyumba pia kabla ya mtetemo, siku moja au tatu kabla. Uliposema "kabla" sauti yako ilishuka, kama mtu anayetaja jina la mtu anayempenda.

Pia ulinipa sheria moja. Chuma chochote kisikaribie antena, hatua kumi kila upande. Ulichora duara kwa chokaa sakafuni. Mvua za mwaka ule zililifuta, lakini siwezi kuisingizia mvua. Nililijua duara hata bila chokaa.

Sasa Desemba. Nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne na nilikuwa nyumbani sijui nifanye nini na mikono yangu. Shangazi alituma gunia la majani ya kunde kutoka Kitui, mabichi, na Mama akaanza kuyaweka kwenye sinia dirishani. Yalikuwa mengi mno. Asubuhi ya Jumatatu alinikuta nikigeuzageuza majani kwenye kivuli, akaniambia, "Mumbua, huko juu kuna jua ya bure, na wewe unaanikia kwa dirisha kama mtu amekatazwa jua." Kisha akaenda shuleni kwa watoto wake wa chekechea, wale wanaobaki hata wakati wa likizo.

Nilipanda na karai. Kamba zote zilikuwa zimejaa mashuka ya wapangaji, na kivuli cha mashuka kilifunika paa karibu lote. Sehemu pekee iliyokuwa wazi ilikuwa kule kwako. Kando ya tangi la maji kulikuwa na bati refu lililobaki mwenye nyumba alipoezeka upya kibanda cha ngazi. Nililivuta, nikaliegemeza juu ya matofali mawili ili liinamie jua, nikamwaga kunde juu yake. Niliiangalia antena. Nilijiambia ni siku moja tu. Nilijiambia kunde si chuma. Naona aibu kuandika hili, mwanangu, maana nilipata alama nzuri kwenye fizikia.

Siku moja ikawa nne. Kila adhuhuri nilipanda kuzigeuza.

Ijumaa jioni, saa kumi na mbili na kitu, vikombe vililia kabatini. Mama alikuwa anakaanga vitunguu, akashika mlango wa jikoni akidhani ni kizunguzungu. Watu walitoka kwenye ngazi wakiulizana, na kwa mara ya kwanza nilimwona Bwana Njoroge akiwa hana mzaha. Mimi nilikungoja upande paa. Nilikuwa hata nimeandaa maneno. Lakini hukupanda. Ulikimbilia kompyuta.

Ulikaa pale bila kuvua koti. Baadaye ulituita, Mama na mimi, ukatuonyesha mstari uliokuwa umetulia, halafu Jumanne ukainuka kidogo kama kope, Jumatano zaidi, Alhamisi zaidi, na Ijumaa karibu saa kumi, saa mbili kabla ya vikombe kulia, wimbi kubwa kuliko yote. Uliweka kidole juu yake kwenye kioo. Jumamosi mstari ulikuwa umelala tena, na haukuinuka tena.

Nilipanda paa asubuhi hiyo ya Jumamosi. Bati lilikuwa limesimama kando ya tangi, mahali nilipolitoa.

Hapa ndipo ninapopotea. Alhamisi jioni mawingu yalikuwa mazito, na nilishuka na kunde. Hilo nalikumbuka vizuri, karai kiunoni, mikono yote miwili imelishika, nikitafuta ngazi kwa vidole vya mguu. Kama mikono yote ilikuwa kwenye karai, bati nililibebaje? Labda nilirudi kulichukua. Kuna wakati nakumbuka kurudi, na bati likipiga kelele kwenye ukuta wa kibanda cha ngazi, halafu nakumbuka kwamba kelele hiyo huenda ni ya siku nyingine. Nilimuuliza Bwana Njoroge kama ndiye aliyeliondoa. Aliniambia yeye kila siku anabeba vitu vya watu kwa hiyo paa, na akianza kuandika diary ya mabati atahitaji karani. Sikuthubutu kumuuliza mara ya pili.

Unaona kwa nini ni muhimu. Kama bati nililiondoa Alhamisi, wimbi la Ijumaa si langu. Ni la ardhi, au la jua, au la kitu ambacho hakuna ajuaye. Kama bati lilibaki, basi lilibaki likiwa tupu bila majani, linang'aa, na wimbi la Ijumaa ni langu pia.

Kwa wiki kadhaa sikujua hata kwamba kuna swali. Nilijua nimevunja sheria yako, basi. Wewe ulikuwa unaandika ripoti, na kanisani mchungaji alikuomba usimame, ukasema kwa ile sauti yako ndogo kwamba paa la nyumba yetu liliona kabla yetu. Mama alikaa wima kama aliyevaa nguo mpya. Watu waliokuwa wakikuita Baba Mumbua walianza kukuita Injinia. Nilifurahi. Nataka ujue kwamba mwanzoni nilifurahi kabisa, bila doa.

Halafu Januari ulinipa kazi ya kupanga nyakati kwenye jedwali, kwa sababu ulisema macho yangu ni mapya. Niliandika ulichonisomea. Jumanne, kilele cha wimbi saa kumi na dakika kumi na mbili. Jumatano, saa kumi na dakika nane. Alhamisi, saa kumi na dakika nne. Ijumaa, saa kumi kamili. Wewe uliendelea kusoma safu nyingine. Mimi nilirudi nyuma nikazisoma zile dakika upya.

Kwa sababu ni wewe uliyenifundisha, palepale kwenye paa, kwamba satelaiti hurudi mahali pale pale angani kila siku, lakini dakika nne mapema. Ulinifanya nihesabu kwa vidole hadi nikaelewa. Ardhi inayojiandaa kutikisika haina sababu ya kufuata saa ya satelaiti. Bati linayo. Na wimbi lilikua kila siku, nikawaza, kwa sababu kila siku kunde zilikuwa zinakauka na kusinyaa, na bati, ambalo Jumatatu lilifunikwa lote na majani mabichi, lilikuwa linaonekana zaidi.

Nimejiuliza mara nyingi kama nawe uliziona zile dakika nne. Ulizisoma kwa sauti. Wewe, ambaye husikia pampu ya maji ikibadilisha mlio kutoka ghorofa ya tatu. Kuna siku nafikiri hukuziona, na nakuhurumia. Kuna siku nafikiri uliziona ukaamua kutoziangalia, na hapo sijui ninachohisi. Sikulaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa kando yako na kalamu mkononi.

Ningesema jioni ya kesho yake. Nilikuwa nimeamua kusema jioni ile. Lakini ulirudi mapema kutoka mjini, na mlangoni hukusema "Mwaitu, nimerudi." Ulipiga goti moja pale kwenye zulia la miguu, na karatasi mkononi, mtu mzima, na ukasema, "Mwaitu, wananiita."

Miaka yote umetengeneza vyombo vya utafiti vya watu wengine. Nimeziona zile makala unazohifadhi kwenye faili la kijani, jina lako liko mwisho kabisa, kwenye shukrani, baada ya dereva. Ulipokuwa na umri wangu ulipata nafasi ya chuo kikuu na ukaenda ufundi badala yake kwa sababu wadogo zako walikuwa shuleni. Hukuwahi kulalamika, lakini nilikuwa nikiona unavyolifungua faili lile. Na sasa watu wa Japani walikuwa wameona grafu yako wakasema njoo uisomee hapa. Mama alilia. Mimi nilisema, "Nenda, mwanangu." Hayo tu ndiyo maneno yaliyotoka.

Nikuambie kitu kuhusu mimi ambacho hukijui. Kidato cha pili nilivunja kipimajoto maabarani. Kiliteleza tu. Mwalimu aliporudi alimkuta msichana mwingine karibu na vipande, akamwadhibu wiki nzima kuosha madirisha. Hakuna aliyeniuliza. Nilijiambia sikusema uongo kwa sababu hakuna aliyeniuliza, na niliishi ndani ya sentensi hiyo hadi yule msichana alipohama shule. Hadi leo nikiona mtu anaosha dirisha nataka kumwomba msamaha. Watu huniita mpole, na mara nyingi wanachokiona ni mtu aliyenyamaza. Nilidhani nimelijua somo hilo. Kumbe nililijua kwa kipimajoto tu.

Februari ulinituma mjini kwa Daktari, yule bosi wako wa kitengo cha fizikia chuoni, nimpelekee fomu atie sahihi. Nilipanda hadi ofisi yake ya ghorofa ya tatu nikiwa nimejaribu swali langu njia nzima, na alipokuwa anasaini nilimuuliza mtu angejuaje kama kuna kitu cha chuma karibu na antena.

"Baba yako amekutuma unipime?" alisema huku akicheka.

"Hapana, Daktari. Ni mimi nauliza."

"Chuma kama gani?"

"Kama bati."

Aliacha kalamu. Akasema, "Bati ni kioo. Ishara inakufikia mara mbili, yenyewe na kivuli chake. Utapata wimbi zuri sana, msichana wangu. Wakati mwingine zuri kuliko la kweli."

Kisha akaniuliza kwa nini nataka kujua, na mimi nikasema nataka kusomea fizikia. Ni kweli nataka. Nilisema jambo la kweli ili nisiseme lile lingine. Aliniangalia kidogo. Bila mimi kuuliza aliniambia kwamba wana vipokezi vingine viwili kama chetu, kwamba kile kilichoko Parklands kilikuwa kimezimika wiki ile ya mtetemo, na cha hapo mjini kilionyesha kitu Ijumaa mchana, "lakini hapa mjini kila siku kuna kitu." Akaongeza kwamba sisi tulio karibu na ikweta tope letu la juu huyumba lenyewe jua likitua, na kwamba mtu akimwambia ana hakika kuhusu mambo ya kabla ya tetemeko, yeye humpa kiti amwangalie vizuri. Alinirudishia fomu. Nilishuka ngazi nikiwa najua zaidi na naelewa kidogo kuliko nilivyopanda.

Alijua? Sijui. Labda alikuwa ananipa nafasi. Labda alikuwa anamsubiri mtu mwingine aanze, kama mimi.

Wiki iliyopita, asubuhi mliyoenda Dagoretti Corner kutafuta sanduku, nilifanya jaribio. Ilikuwa imepita siku mia moja na ishirini tangu Ijumaa ile. Dakika nne mara mia na ishirini ni saa nane. Kwa hivyo kama wimbi la saa kumi jioni lilikuwa la bati, nikilirudisha bati mahali pake, lingetokea saa mbili asubuhi. Nilipanda jioni ya kutangulia, nikalivuta lile bati, nikatafuta alama za matofali, nikaliegemeza nilivyokumbuka. Nilijua hungeona, kwa sababu tangu uanze kupanga safari umeacha kufungua data ya nyumbani. Asubuhi mlipotoka nilikaa mbele ya kompyuta kama anayesubiri matokeo ya mtihani.

Lilitokea. Saa mbili, dakika moja kasoro. Nililiona likiinuka, nikafunika uso.

Lakini lilikuwa nusu, mwanangu. Nililipima mara tatu. Umbo ni lile lile la Jumanne na Jumatano, ila ukubwa haukuzidi nusu ya lile la Ijumaa. Na bati lilikuwa tupu, bila majani ya kulifunika. Labda nililiegemeza vibaya. Labda tope la Aprili si tope la Desemba. Labda Ijumaa ile kulikuwa na wimbi langu, na chini yake, au juu yake, kulikuwa na lingine ambalo si langu, na mimi nimelichafua hadi hakuna atakayeweza kuyatenganisha. Nililirudisha bati kando ya tangi nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilipolivuta. Nilikuwa nimetaka jibu moja, hata likiwa baya. Jibu baya ningekuletea. Nusu jibu sikujua namna ya kulibeba.

Nimekaa na nusu hiyo wiki nzima. Nimekuangalia ukijifunza kuhesabu Kijapani mbele ya kioo cha bafuni. Usiku wa juzi ulimwambia Mama kwamba jambo la kwanza utakalofanya ukifika ni kuwasimulia kuhusu ile Ijumaa, na mimi nilikuwa nje ya mlango na vikombe vya chai. Niliona akilini vyumba vya huko, watu waliosoma miaka mingi, na mmoja wao, mtulivu, anahesabu kumi na mbili, nane, nne, sifuri, na anakuuliza mbele ya wote paa lako lina nini. Na wewe huna la kujibu, kwa sababu mtu pekee aliyekuwa na jibu alikuwa Uthiru akiosha vyombo.

Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Ninaogopa ukiisoma barua hii utamwambia Daktari, Daktari atawaambia wao, na kesho jioni hakutakuwa na ndege. Ninaogopa pia kwamba utaisoma, utaikunja, na utaenda nayo kimya, halafu tutakuwa wawili tunaoishi ndani ya sentensi moja. Sijui ni lipi naliogopa zaidi. Kama ningekuwa mama kwelikweli labda ningejua. Nyanya angejua. Nimejaribu kufikiri kama yeye, lakini kila mara naishia kuwaza kwamba hata yeye alipokuaga kituoni Mwingi pengine hakujua chochote, alisimama tu.

Ninachoweza kukuambia ni hiki, na nimekilipia kwa miezi minne. Nilidhani nakulinda. Nilikuwa nikiona furaha yako ikikua nikasema nitaigusa kesho, nikishapata hakika. Hakika haikuja, na furaha ilikuwa inapanda ghorofa. Kama ningesema Ijumaa ile jioni, ukiwa bado na koti, ungenikemea, ungepanda na tochi, na ungekuta bati au usingelikuta, na leo sote tungejua. Sekunde thelathini za aibu. Nilizikwepa, na sasa hakuna anayeweza kujua kamwe.

Kwa hivyo, ukisimama mbele yao, anza na bati. Sikuambii uitupe ile Ijumaa. Nusu yake siwezi kuieleza, na huenda hiyo nusu ni kitu. Huenda wao wana namna ya kuondoa kivuli cha bati na kuona kinachobaki. Nimeandika kila kitu kwenye karatasi ya pili, urefu wa bati, umbali wake, mwelekeo, saa nilizopanda kugeuza, na ile ya wiki iliyopita. Pale nisipokumbuka nimeandika "sikumbuki." Jina langu liandike kwa ukamilifu, usiniite "mtu wa nyumbani."

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii sandukuni, kati ya mashati, uikute huko ukiwa mbali na uso wangu. Hata nilishaichomeka, nikaitoa. Nitakupa mkononi leo, mkirudi, kabla hujakaa. Sitaenda jikoni. Nitasimama pale mlangoni unaposimama wewe asubuhi, uisome yote, na ukitaka kuniuliza uniulize, nami nitakuangalia usoni nikijibu. Ukiamua kumpigia Daktari simu leo, nitakuwa nimesimama hapo. Ukinyamaza pia nitakuwa nimesimama.

Nasikia lango la chini. Bwana Njoroge anakuuliza ndege yako ina uyoga juu au haina, na Mama anacheka.

Jambo moja tu nakuomba uliweke siri. Waambie wote kuhusu bati, Daktari, watu wa Japani, mchungaji ukitaka. Ila Mama usimwambie bati lilikuwa limebeba nini. Ndiye aliyenituma juu na zile kunde, na tangu Desemba anawaambia wenzake kwamba nyumba yake ilisikia ardhi kabla haijasema. Akijua atasema ni yeye, na si yeye. Alisema nianike juu, mahali nilichagua mimi. Najua nimejaza karatasi nzima nikikuambia jinsi kunyamaza kulivyoniumiza, na sasa nakuomba unyamaze. Tofauti yake siwezi kuieleza vizuri. Lakini hili libaki kati ya mama na mwanawe, tafadhali. Mmeshafika ngazi ya pili.

Mumbua